KORONA MOJA, MASHAMBA MENGI
Yafaa Tujifunze kwa Wakulima wa Mkonge wa Bara



Katika kila chama chenye matawi mengi swali hili halikosi kuzuka: la tawi litangulie, au la chama kizima? Mtu wa tawi husema, "Wakubwa wa ofisini hawazijui shida zetu." Naye mtu wa ofisi kuu hujibu, "Kila tawi likifuata lake, chama hakipo tena." Wote wawili husema kweli, na ndiyo maana shauri hili ni gumu. Leo twapenda kuwavusha bahari wasomaji wetu mpaka Korogwe na Handeni, katika Mkoa wa Tanga, tuone wakulima wa zao lisilofanana hata kidogo na karafuu walivyokutana na jambo hili hili.

Zao lenyewe ni mkonge. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Dk. Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakatokea mashamba makubwa ya Tanga, hata mwaka 1964 nchi ikatoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Mwaka 1967 Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba hayo. Lakini kamba za plastiki zilikuwa zimekwisha ingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka msitu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Katani ilianza mpango mpya. Wakulima wadogo walipewa sehemu za kulima ndani ya mashamba ya zamani ya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi, yote ya Korogwe. Mkulima alilima na kutunza mkonge wake, na kampuni ikasindika na kuuza, kisha ikakata gharama zake. Baadaye wakulima wa kila shamba wakawa na chama chao cha msingi cha ushirika.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye fundo. Jani la mkonge haliwezi kungoja. Likisha katwa, hapana budi lifikishwe upesi kwenye korona, yaani mashine ya kusaga majani na kutoa singa. Likichelewa hukauka, na singa zake hazisafiki vizuri. Tena katika tani 100 za majani hupatikana kama tani 4 tu za singa. Zilizobaki ni maji na makapi. Na korona hula umeme au mafuta, hutaka maji mengi, na hailipi ikiwashwa kwa majani machache.

Basi ni lazima pawe na zamu. Lakini zamu hiyo aipange nani? Kila mkulima angependa akatiwe kwanza, kwa kuwa ana ada ya shule ya kulipa au deni dukani. Meneja wa korona, kwa upande wake, angependa majani yaje mfululizo, shamba baada ya shamba, gari lisizunguke bure. Zamu ikipangwa na wakulima peke yao, mwenye sauti kubwa hutangulia na korona husimama. Ikipangwa na meneja peke yake, mnyonge aliye mwisho wa barabara hungoja mpaka mkonge wake upitilize.

Tuchukue mfano mmoja wa umbali. Tuseme mkulima wa Kwaluguru, huko Handeni, ana mkonge wake, na korona iko mbali. Katika kila tani 100 anazopakia garini, 96 ni mzigo usiouzika. Chama kikisema kila mtu alipe gari lake, wa Kwaluguru ataacha kilimo. Kikisema wote wakatwe sawa, aliye jirani na korona atauliza kwa nini amlipie mwenzake nauli. Hakuna jibu lisilomwumiza mtu. Tofauti ni kwamba chama kimoja huyasema maumivu hayo mkutanoni, kwa hesabu, kabla ya mavuno, na kingine huyaficha ndani ya fungu liitwalo "makato mengineyo."

Na huko Korogwe hayo makato ndiyo yaliyozua ugomvi. Wakulima walilalamika miaka mingi kwamba hawaelewi hesabu zao, hata habari ikafika Serikalini. Mtu huweza kuvumilia zamu ya mwisho, bali hesabu asiyoielewa haivumilii.

Wazee walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini walisema pia, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika vya Bara, na mazao yakanunuliwa na mashirika ya umma. Ilitakiwa nahodha awe mmoja. Haikupita miaka mingi, mwaka 1982 sheria ikatungwa ya kuvirudisha vyama hivyo, kwani mashirika yale yalishindwa kuwafikia na kuwalipa wakulima kama ilivyotazamiwa.

Sisi wa karafuu tuchukue nini?

Kwanza, yako mambo ambayo hayana budi kuwa mamoja: mizani, daraja, ukavu wa karafuu, na vitabu vya hesabu. Tawi moja likiacha makonyo ndani ya gunia, au likifunga karafuu ambazo hazijakauka vyema majamvini, mnunuzi halijui jina la tawi; hulijua jina la kisiwa. Hapo tawi halina ruhusa ya kusema "kwetu ni desturi."

Pili, yako mambo ambayo ofisi kuu haiwezi kuyajua: siku ya kuanza kuchuma bonde hili au lile, wachumaji watoke wapi, kituo cha kununulia kiwekwe wapi ili mama mwenye mikarafuu kumi asibebe gunia kichwani tangu alfajiri. Haya yaachiwe matawi.

Tatu, pale ambapo faida ya wote yataka tawi moja liumie, litajwe tawi hilo, ihesabiwe hasara yake, na isemwe italipwaje.

Basi mavuno yakikaribia, tunawaomba wanachama waende kwenye mikutano ya matawi yao na ombi moja: Katibu asome makato yote, fungu kwa fungu, na kila fungu aseme limeamuliwa na nani. Asiyeelewa aulize hapo hapo. Tusingoje kuyasikia kituoni, magunia yakisha panda mizani.