Motokaa ya Biashara na Umri Wake

Watu wengi wa pande za Kisumu, Siaya na Homa Bay, wapatapo fedha za miwa, za mpunga au za kiinua mgongo, huwaza kwanza kununua motokaa ya kuchukulia abiria. Ni shauri jema, lakini si wachache walioona motokaa imekufa hali deni la ushirika lingali hai. Yafaa basi tujue ni nini kinachoifanya motokaa idumu kazini.

Kwanza na tufanye hesabu. Karani aendaye kazini na kurudi kilomita 20 kwa siku, katika siku 300 atakuwa amekwenda kilomita 6,000. Motokaa ya abiria iendayo kilomita 200 kwa siku, katika siku hizo hizo itakuwa imekwenda kilomita 60,000. Kwa hiyo mwaka mmoja wa biashara ni sawa na miaka kumi ya karani. Umri wa motokaa ya kazi hupimwa kwa kilomita, wala si kwa kalenda.

Pili ni kuchagua aina. Wazee wanakumbuka Peugeot. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na ile 504, iliyotokea mwaka 1968, ikawa matatu mashuhuri katika Kenya yote. Haikupendwa kwa sifa za mashindano peke yake: springi zake zilistahimili mzigo na barabara mbovu, na kila fundi aliifahamu. Siku hizi Toyota Probox, iliyoanza kuundwa Japani mwaka 2002, imeshika nafasi hiyo. Nayo iliundwa kwa ajili ya kazi; mitambo ya ndani ya injini yake huendeshwa kwa mnyororo wa chuma, wala si kwa mkanda wa mpira, na vipuri vyake havina shida kupatikana. Anayenunua motokaa ya fahari ambayo vipuri vyake huagizwa ng'ambo, ajue kwamba kila siku inapolala gereji ni siku isiyo na mapato.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyotumika kupita miaka minane. Hata hivyo, miaka minane si michache. Mnunuzi asidanganywe na rangi inayong'aa, bali aende na fundi anayemwamini, ainame na kutazama chini ya motokaa.

Tatu, nchi yetu ina taabu zake. Udongo mweusi wa Kano, mvua inyeshapo, hunata magurudumuni na kuficha mashimo. Maji ya barafu yatokayo katika masanduku ya samaki hupenya chini ya mazulia na kuleta kutu. Na kutoka Kisumu, iliyo kama meta 1,100 juu ya bahari, barabara ya Kericho hupanda hadi karibu meta 2,000. Motokaa iliyojazwa kupita kiasi, na yenye maji haba katika rejeta, huchemka huko na kuharibu injini.

Dawa yake si ghali. Mafuta ya injini yakibadilishwa kila kilomita 5,000, motokaa yetu ya kilomita 200 itahitaji huduma hiyo kila baada ya siku 25 za kazi. Mwenye kuweka akiba shilingi 300 kila siku ya kazi, kwa siku 300 atakuwa na shilingi 90,000 za matengenezo. Fedha hizo zisichanganywe na za karo wala za chakula, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwisho, tusimsahau dereva. Akidaiwa kiasi kikubwa mno kila jioni, atakimbiza motokaa, atajaza watu kupita viti, na akisikia mlio mgeni katika breki au gia atanyamaza, asije akapoteza siku. Lakini mwenye motokaa akimlipa kwa haki, na kumsifu anapoleta habari ya hitilafu mapema, atakuwa amepata mlinzi wa mali yake. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa mkopo, basi, mnunuzi ajiulize mambo matatu: vipuri vinauzwa wapi, akiba ya matengenezo itatoka wapi, na ni nani atakayeshika usukani.