Hesabu Nyaya Kabla ya Kununua Themostati

Bei iliyoandikwa kwenye boksi la themostati janja mara nyingi siyo utakayolipa. Katika nyumba iliyojengwa miaka ya 1920 au 1950, kama zile wanazonunua jamaa zetu wengi wanaoanza maisha Minneapolis au Columbus, gharama yenyewe imejificha ukutani. Basi kabla ya kulinganisha modeli, zima breka ya tanuru, fungua kifuniko cha themostati iliyopo, uhesabu nyaya.

Nyaya nyembamba ni dalili ya mfumo wa volti 24. R huleta umeme, W huita joto, Y huita kiyoyozi, G huendesha feni, na C hukamilisha mzunguko ili kifaa kipate umeme saa zote. Fuata herufi, usiamini rangi: fundi wa miaka hiyo huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao. Nyumba isiyo na kiyoyozi, hasa ya boila na rejeta, kwa kawaida ina nyaya mbili tu, R na W. Zilitosha. Themostati ya mviringo ya Honeywell iliyoingia sokoni mwaka 1953 ilifanya kazi kwa kichupa cha zebaki kilichoinama joto lilipobadilika, bila yenyewe kuhitaji umeme. Themostati janja ina skrini na waifai, na vyote viwili vinakula umeme usiku na mchana.

Baadhi ya modeli hujaribu kuishi bila C kwa kunyonya umeme kidogo kupitia W. Mifumo mingine huvumilia. Katika mingine, tanuru huanza kuwaka na kuzima ovyo, au betri ya ndani huisha na joto likakatika. Mahali ambapo Januari mabomba ya maji huganda na kupasuka, mimi sishauri mtu acheze kamari hiyo.

Kwa hiyo chungulia nyuma ya bamba. Mara nyingine utakuta waya wa ziada umekunjwa ndani ya ukuta haujaunganishwa popote. Ukiuunganisha kwenye C pande zote mbili, ukutani na kwenye tanuru, umepata suluhisho bila kulipa hata senti. Usipoukuta, kuna adapta za takriban dola 25 zinazofungwa kwenye tanuru. Soma masharti yake: ile inayokuja na baadhi ya themostati za ecobee huhitaji nyaya nne, hivyo haimfai mwenye mbili. Transfoma ya kuchomeka kwenye soketi ni bei hiyo hiyo, ila waya wake utaning'inia ukutani na si kila themostati inakubali kulishwa na transfoma mbili. Kuvuta kebo mpya ya nyaya tano ndiyo kazi safi kuliko zote, na ndiyo ghali kuliko zote.

Tupige hesabu. Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani wa vifaa vinavyookoa nishati, husema themostati janja huokoa kwa wastani takriban 8% ya gharama za joto na ubaridi. Kwa nyumba inayolipa dola 1,200 kwa mwaka, hiyo ni dola 96. Modeli ya dola 250 pamoja na adapta ya 25 itajilipa karibu miaka mitatu. Fundi akitoza dola 200 kuvuta kebo, inakaribia mitano. Modeli nafuu za dola 80 hivi zipo, lakini huwa zinadai C vilevile. Themostati ya kawaida ya kupangiwa saa, inayotumia betri, inapatikana kwa dola 40 na inafungwa kwenye nyaya zako mbili bila kugusa kitu kingine. Wizara ya Nishati ya Marekani husema kushusha joto nyuzi 7 hadi 10 za Farenihaiti kwa saa nane kila siku huweza kuokoa hadi 10% kwa mwaka, na kazi hiyo kifaa cha dola 40 huifanya barabara. Kwa familia yenye ratiba isiyobadilika na nyaya mbili ukutani, ningenunua hicho. Themostati janja naiona inastahili kwa anayefanya kazi za zamu, ambaye leo yuko nyumbani asubuhi na kesho usiku.

Ukikuta nyaya nene, acha kabisa na umwite fundi umeme. Hiyo ni volti 120 au 240 ya hita za ukutani, na themostati ya volti 24 ikifungwa hapo itaungua. Zipo janja zilizotengenezwa kwa hita hizo, ila kila chumba kinataka yake, na mara nyingi kila moja hupita dola 100. Hita za gesi za kwenye sakafu nazo zina hatari yake: baadhi huendeshwa na millivolti zinazozalishwa na moto wenyewe, na kupeleka volti 24 huko huharibu vali.

Kabla ya kulipa, ulizia kampuni yako ya gesi au umeme. Nyingi hutoa punguzo kwa modeli zenye nembo ya Energy Star, na baadhi hutaka uombe kwanza ndipo ununue. Aliyepanga apate ruhusa ya mwenye nyumba. Na ile ya zebaki usiitupe jalalani: ifunge vizuri kichupa kisipasuke, uipeleke kituo cha taka hatari cha kaunti.