Lugha ya Kwanza na Kujithamini kwa Mtoto

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayaishii katika chakula na mavazi. Yanahusu pia kumjengea mtoto imani kwamba yeye ni mtu mwenye thamani. Katika ujenzi huo, lugha ina nafasi kubwa. Lugha ya kwanza ndiyo mtoto aliyobembelezewa na kutegewa vitendawili. Kuidharau ni kuwadharau waliomlea.

Historia ya elimu nchini Kenya ni ushahidi tosha. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, anaeleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyopokezana kitufe. Aliyenaswa akizungumza Kikuyu alikabidhiwa kitufe hicho, naye akamnasia mwenzake. Jioni, wote waliokishika walifichuliwa. Adhabu ilikuwa viboko, au kuvishwa shingoni kibao chenye maneno ya kumtweza. Hivyo mtoto alifunzwa mambo mawili kwa pamoja: kuionea haya lugha ya mamaye na kumsaliti rafikiye. Desturi hiyo haikukoma na uhuru wa 1963, ijapokuwa Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo shule ilipo itumike kufundishia madarasa ya chini.

Je, mwalimu wa Kiswahili amesalimika na lawama? La hasha. Kicheko darasani chaweza kufanya kazi ya kibao. Chukua mfano wa mtoto atamkaye "karamu" akikusudia "kalamu". Kosa hilo halitokani na uzembe, kwani katika Kikuyu chombo hicho huitwa karamu. Mwalimu akimkejeli, mtoto hujifunza kunyamaza. Akimjibu, "Naam, hiyo ni kalamu yako, kalamu hii ni ya rangi gani?" mtoto husikia umbo sahihi, hulirudia, na heshima yake husalia.

Mzazi naye ana wajibu. Amsikilize mtoto hadi mwisho kabla ya kumsahihisha; amsifu kwa juhudi mahususi, si kwa sifa za jumla; asimlinganishe na nduguze; na amsimulie ngano kwa lugha ya nyumbani bila haya.

Ni dhahiri basi kuwa linalostahili kusahihishwa ni neno, si mtoto. Kiswahili kitapendwa iwapo kitafunzwa kama lugha ya kuongezea, si ya kupokonyea.