Kofi, Juma na Minani: jina la kiume kabla ya cheti cha kuzaliwa

Kwame Nkrumah aliifikisha Ghana kwenye uhuru bila kuwa na hakika alizaliwa mwaka gani. Padri aliyembatiza aliandika 21 Septemba 1909, kwa kukisia tu. Mama yake, kwa hesabu zake, alisema 1912. Nkrumah mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1957, alitafuta njia nyingine. Mwaka 1913 meli ya mizigo iitwayo Bakana ilikwama kwenye pwani ya kwao, naye wakati huo alikuwa kijana mdogo wa miaka mitatu au minne hivi. Akaanzia hapo kuhesabu kurudi nyuma. Katika kuhangaika kote huko, jambo moja halikuwa na ubishi: alizaliwa Jumamosi. Ndiyo maana akaitwa Kwame.

Sasa ifungue kalenda ya 1909. Tarehe 21 Septemba ilikuwa Jumanne. Jumamosi iliyo karibu zaidi na katikati ya mwezi ule ni tarehe 18, na ndiyo aliyoielekea Nkrumah. Hata hivyo Ghana humkumbuka kila mwaka tarehe 21 Septemba, ile ya padri. Mimi, kama ningeulizwa nimwamini nani kuhusu siku, kati ya padri mwenye kalamu na mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, ningekwenda na mama.

Katika jamii nyingi za dunia, kwa muda mrefu kuliko ambavyo serikali yoyote imekuwa ikiandikisha vizazi, jina la mtoto wa kiume ndilo lililohifadhi habari za kuzaliwa kwake: siku gani, saa gani, palikuwa na mvua au njaa, alitanguliwa na wangapi, na kama waliomtangulia walipona. Leo tumezoea kuuliza jina "zuri" ni lipi. Wazee waliuliza kilichotokea.

Waakan wa Ghana na Ivory Coast ndio waliolipanga jambo hili kwa utaratibu kuliko wengi. Kwa Waakan wa Ghana, mvulana wa Jumapili ni Kwasi, wa Jumatatu Kojo, wa Jumanne Kwabena, wa Jumatano Kwaku, wa Alhamisi Yaw, wa Ijumaa Kofi na wa Jumamosi Kwame. Halafu huja nyongeza. Lichukue jina kamili la aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Atta Annan. Kofi, amezaliwa Ijumaa. Atta, ni pacha. Annan, ni mtoto wa nne. Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938, na ukiihakiki siku hiyo utakuta kweli ni Ijumaa. Dada yake pacha aliitwa Efua, ambalo ni jina la kike la Ijumaa ileile. Mtu aliyeijua lugha ile akisikia majina hayo matatu alikuwa ameshapata nusu ya fomu ya usajili.

Majina haya yalivuka bahari ndani ya meli za watumwa. Mabwana wa mashamba kule Jamaika waliyaandika kwa tahajia zao: Cudjoe, Quaco, Cuffee, Quashee. Cudjoe mmoja aliwaongoza Wamaroon, watumwa waliotorokea milimani, mpaka Waingereza wakakubali kutia saini mkataba naye mwaka 1739. Quashee naye, mtoto wa Jumapili, alipata bahati mbaya. Jina lake liligeuzwa na Wazungu kuwa tusi la kumwita mtu mjinga. Huko Massachusetts, mtoto mmoja aliyezaliwa 1759 na baba Mwakan aliyewahi kuwa mtumwa alilikataa jina la bwana wa baba yake, akalichukua jina la baba mwenyewe, Kofi, liwe la ukoo. Dunia inamjua kama Paul Cuffe, nahodha na mwenye meli, aliyewapeleka watu weusi 38 Sierra Leone mwaka 1815. Ijumaa ya baba yake imebaki kwenye vitabu vya historia ya Marekani, ingawa wanaoisoma hawaioni.

Kwetu pwani hatuhitaji kwenda mbali. Juma na Hamisi wanajieleza. Kuna Rajabu, Shabani na Ramadhani walioipata miezi yao, Idi wa sikukuu, na Haji wa msimu wa Makka. Kijana wa mjini anaweza kusahau kwamba siku ya Waswahili wa zamani haikuanza saa sita usiku. Ilianza jua likizama. Kwa hiyo aliyezaliwa Alhamisi saa tatu za usiku ni Juma halali kabisa, kwa kuwa ule ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Nesi ataandika Alhamisi. Nyanya mtu atamwita Juma. Na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Wajaluo wao waliiacha wiki wakaigawa siku. Omondi amekuja alfajiri. Onyango amekuja asubuhi jua likiwa linapanda. Babu yake Barack Obama alikuwa mmoja wao, kabla hajasilimu na kuongeza Hussein. Ochieng ni wa jua kali, Odhiambo wa jioni, Otieno wa usiku, Oduor wa baada ya saa sita za usiku. Okoth alipokelewa na mvua. Okech alikuta njaa. Owino alitoka kitovu kimemzunguka, na Ouma alitoka kifudifudi, yaani mkunga naye ameacha ripoti yake humo. Ukisikiliza majina ya wanaume kumi waliokaa kwenye baraza moja pale Kisumu, umepewa saa, hali ya hewa na taarifa za leba bila kuuliza swali.

Na ukifika Butiama utakuta ukoo ambao Watanzania wote wanautaja kila siku bila kuusikiliza. Baba yake Mwalimu Julius Nyerere, Chifu Burito, aliitwa Nyerere kwa sababu ya viwavi: alizaliwa wakati viwavi jeshi vimeivamia nchi ya Wazanaki. Mwanawe alipozaliwa mwaka 1922 alipewa kwanza jina la Mugendi, mtembezi. Baadaye, kwa ushauri wa mganga, likabadilishwa likawa Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua. Na mzimu wenyewe ni wa kike! Julius lilikuja kwa ubatizo tarehe 23 Desemba 1943, Mwalimu akiwa na umri wa miaka 21. Kwa hiyo jina lake kamili lina mvua, lina viwavi, na mbele yake lina ukoo wa Kirumi ambao haukuwahi kuijua Musoma.

Warumi nao walikuwa na yao. Kati ya majina machache waliyowapa wavulana mlikuwa na Quintus, Sextus na Decimus: wa tano, wa sita, wa kumi. Mrundi akiyasikia hayo atatabasamu, kwa maana kwao Nyandwi ni wa saba, Minani ni wa nane na Bucumi ni wa kumi. Tofauti ni kwamba Minani ukimkuta leo Bujumbura, mara nyingi ndugu saba waliomtangulia unaweza kuwahesabu. Kwa Warumi hesabu ilishachakaa. Sextus Pompeius, mtoto wa jemadari Pompeius aliyepigana na Kaisari, alikuwa mtoto wa kiume wa pili. "Wa sita" lilikuwa jina tu. Wajapani, ambao Ichirō kwao ni wa kwanza, Jirō wa pili na Saburō wa tatu, nao wameanza kupotoka: nyota wa besiboli Ichiro Suzuki ana kaka yake mkubwa.

Mapacha ndio ambao karibu kila mahali hawakuachiwa wapite bila alama. Wasukuma na Wanyamwezi wana Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Waganda wana Wasswa na Kato, na baba yao hapo hapo hugeuka kuwa Ssalongo, cheo kinachomtangulia kila aendako. Wayoruba wana Taiwo na Kehinde, na wanasema anayetoka wa pili ndiye mkubwa, kwani alimtuma mwenziwe atangulie akaionje dunia. Watu wengi hawajui kwamba Tomaso, mtume yule aliyetaka kutia kidole kwenye makovu, amo humo humo: kwa Kiaramu Tomaso ni pacha, na Injili ya Yohana inalisema hilo wazi. Pacha wa nani? Injili haisemi. Lakini kila Thomas aliyezaliwa peke yake, kuanzia Dar es Salaam hadi Berlin, amebeba ndugu asiyekuwepo.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao ni mzito. Si kila jina lilisema kweli. Mengine yalisemwa makusudi ili kudanganya. Mama aliyezika watoto wawili watatu hakuthubutu kumpa wa nne jina la kifalme. Wahausa wangemwita Ajuji, jalala, hata wakamlaza jaani kidogo wakajifanya wamemtupa, ili mauti yasimtamani. Wachina wa vijijini walikuwa na Gousheng, yaani mabaki aliyoyaacha mbwa. Wayoruba waliongea na mtoto mwenyewe uso kwa uso: Malomo, usiondoke tena; Durojaiye, kaa uifaidi dunia; Kokumo, hafi tena. Asiyejua huyacheka majina haya. Anayejua ataona kwamba ndani yake kuna makaburi.

Huko Ethiopia anayezaliwa baada ya msiba huweza kuitwa Kassa, fidia. Kijana mmoja Kassa Hailu alitoka katika familia iliyoshuka, akaingia msituni, akawashinda wakuu mmoja mmoja. Alipovikwa taji mwaka 1855 aliliweka jina hilo kando akajiita Tewodros, kwa sababu utabiri wa zamani ulisema mfalme wa jina hilo ndiye atakayekuja kuiunganisha nchi. Watu wazima nao hutumia majina kama silaha. Mkenya Oginga Odinga alibatizwa Obadiah Adonijah, akayatupa yote mawili, na wanawe akawaita Oburu na Raila. Rais Mobutu alilifanya hilo kwa amri: mwaka 1972 Joseph-Désiré akafa, akazaliwa Mobutu Sese Seko, na mapadri wa Zaire wakaonywa kwamba kumbatiza mtoto kwa jina la Kizungu ni kifungo cha miaka mitano. Alipolegeza kamba mwaka 1990, akina Jean na Joseph walirudi kama waliokuwa safarini. Odinga aliamua mwenyewe, kwa hiyo jina lake lilikaa. Amri ya Mobutu haikukaa.

Lakini lililoyamaliza majina ya habari, kuliko padri na kuliko dikteta, ni heshima kwa babu. Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba. Wagiriki hufanya vivyo hivyo. Pwani desturi hiyo si ngeni. Ni desturi nzuri, na ina mantiki yake: Kariuki kwa Wakikuyu ni aliyefufuka, na Babatunde kwa Wayoruba ni baba amerudi. Ila hesabu yake ni hii. Babu Juma alizaliwa Ijumaa. Mjukuu Juma amezaliwa Jumanne. Mjukuu wa mjukuu huyo, naye Juma, atazaliwa siku yoyote. Jina limehifadhi mtu, limepoteza siku. Nyerere, ambalo kwa Burito lilikuwa habari ya msimu mmoja wa viwavi, kwa wajukuu ni jina la ukoo tu, na hakuna ubaya, mradi kuna anayekumbuka viwavi.

Hospitali zimemalizia. Mama aliyepangiwa upasuaji Jumatano saa nne asubuhi atapata Onyango kwa ratiba ya daktari, na kama daktari atachelewa kwenye foleni ya magari, basi ni Ochieng. Wengi hata hawafiki huko. Jina huokotwa kwenye simu kwa kuwa linatamkika vizuri, na ukimuuliza baba maana yake anasema nitaitafuta. Siwalaumu, mtoto ni wao. Cheti cha kuzaliwa kitaandika tarehe, na tarehe ni kitu kikubwa ambacho Nkrumah hakuwa nacho. Lakini cheti hakina mahali pa kuandika kwamba usiku ule daraja lilichukuliwa na maji, au kwamba kabla yake kulikuwa na mwingine aliyekaa siku mbili.

Basi wewe unayemsubiri mtoto wa kiume mwezi huu, mwite utakavyo. Ukishamwita, ichukue kadi ya kliniki, geuza upande wa nyuma, uandike mistari miwili kwa nini umemwita hivyo. Na kama bibi yako angali hai, muulize leo kuhusu jina la babu yako, usingoje sikukuu.