Mvua ya Dodoma kwenye meza ya mazungumzo

Mkulima wa mtama pembezoni mwa Kikuyu, jijini Dodoma, ana msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua ikikatika Februari, hana vuli wala masika ya kumfuta machozi.

Kwenye vituo vya hali ya hewa, mvua hiyo husomwa kila siku saa 3 asubuhi. Mpimaji huyamimina maji ya kipimamvua kwenye silinda yenye alama, kisha huandika milimita. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa, lakini bila daftari hilo hakuna hoja ya kupeleka mbele ya mataifa.

Anayezichambua tafiti zinazotokana na takwimu kama hizo ni IPCC, jopo la mabadiliko ya tabianchi lililoundwa mwaka 1988. Halifanyi utafiti wake lenyewe. Linapitia uliochapishwa na kuupima uzito. Muhtasari wake hupitishwa na wajumbe wa serikali mstari kwa mstari, hadi wote waafikiane, wanasayansi wakiwa hapo hapo. Wapo wanaolalamika kwamba wanasiasa hupata mwanya wa kupunguza makali. Ni kweli, lakini serikali iliyoridhia sentensi hupata taabu kuikana kwenye COP, mkutano wa mataifa kuhusu tabianchi. Diplomasia nayo huiagiza sayansi: ripoti ya 2018 kuhusu ongezeko la joto la nyuzi 1.5 iliombwa na mkutano wa Paris wa 2015.

Tanzania ina sauti pande zote mbili. Julai 2023, jijini Nairobi, Dk. Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa alichaguliwa kuwa makamu mwenyekiti wa IPCC. Mwaka 2025 Dk. Richard Muyungi akaanza kuongoza kundi la Afrika la majadiliano ya tabianchi.

Vyeo, hata hivyo, havizibi pengo la takwimu. Ukame Dodoma ni wa tangu enzi za mababu, hivyo anayedai fidia ya hasara za mabadiliko ya tabianchi lazima aoneshe ni kiasi gani kimeongezwa na joto la sasa. Inawezekana: Aprili 2023 watafiti walieleza kuwa ukame ulioikumba Pembe ya Afrika tangu 2020 uliongezewa uwezekano takriban mara 100, hasa kwa sababu joto hunyonya unyevu wa udongo. Walichunguza kusini mwa Ethiopia, kusini mwa Somalia na mashariki mwa Kenya. Dodoma haikuwamo.