Moto wa Makaa Katika Somo la Pasaka

Dominika ya Tatu ya Pasaka mwaka 2025, mwanafunzi wangu mmoja alitoka kanisani na dukuduku, akanijia ofisini siku ya pili yake. Padri alikuwa amefafanua sura ya 21 ya Injili ya Yohana, pale Yesu amwulizapo Petro mara 3 iwapo anampenda. Katika Kigiriki, alisema mhubiri, mna vitenzi viwili, agapao na phileo, ilhali Kiswahili kina kupenda tu. "Mwalimu," akaniuliza, "ndiyo kusema lugha yetu ni maskini?"

Swali hili huniudhi, si kwa ajili ya aulizaye, bali kwa ajili ya waliomzoeza kuuliza hivyo. Kwa maoni yangu, Yohana mwenyewe hapambanui vitenzi hivyo kwa ukali huo. Katika sura ya 3, Baba humpenda Mwana kwa agapao. Katika sura ya 5, humpenda kwa phileo. Je, mapenzi yalipungua njiani? Na katika mazungumzo yayo hayo na Petro, kulisha na kuchunga hupokezana, sawa na kondoo na wana-kondoo. Huyu ni mwandishi apendaye kubadilisha maneno, basi. James Barr alikwisha kutuonya tangu 1961 tusijenge teolojia juu ya neno lililong'olewa katika sentensi yake.

Ajabu ni kwamba wengi hulipita neno lenye uzito kweli. Wanafunzi wa Yesu waliposhuka pwani walikuta moto wa makaa. Neno hilo la Kigiriki, anthrakia, limo mara 2 tu katika Agano Jipya zima: hapo, na katika sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, Petro alipokuwa akiota moto huku akimkana bwana wake. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 waliandika moto wa makaa pote pawili. Lugha hiyo "maskini" haikupoteza kitu. Fauka ya hayo, nani kati yetu asiyeijua harufu ya jiko la makaa? Petro alikwisha kukumbuka kabla ya kuulizwa lolote.

Mathayo naye aeleza kuwa usemi wa Petro ndio uliomfichua. Kifungu hicho hukisoma kwa shida. Nilipokuwa kidato cha kwanza, katika shule ambamo aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, mama alikuja kunitazama, akaniita kwa sauti kwa lugha yetu. Wenzangu wakauliza ni nani. Nikasema ni jirani. Mkononi alikuwa na viazi vitamu alivyonichomea alfajiri.

Mwanafunzi yule nilimwambia asome sura ya 18, kisha ya 21, kwa Kiswahili, bila kamusi ya Kigiriki. Habari ya mama sikumwambia.