CentOS 7: kupandisha seva au kuanza upya?

Tangu Juni 30, 2024, CentOS 7, mfumo wa bure unaoendesha seva, haupokei tena marekebisho ya usalama kutoka kwa watengenezaji wake. Wanaoutumia bado wana njia mbili. Programu ya ELevate kutoka AlmaLinux hupandisha seva hadi toleo la 8, kisha la 9, bila kufuta data. Inavutia. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo tunalolijua sana Lubumbashi, mfumo unaweza kubaki nusu wa zamani, nusu mpya. Kuanza upya kwenye mashine ya pili kunachosha zaidi, ila ile ya zamani inaendelea kuhudumia watu hadi mpya ijaribiwe. Kabla ya kugusa chochote, nakala ya data iwekwe kwenye diski nyingine, na ifunguliwe kuona kama inasomeka.